Nilikuwa na miaka 17 mama alipolazwa mahututi: jinsi tulivyoifikisha kauli yake kwa madaktari

Mama aligongwa na gari alipokuwa akivuka barabara jioni, na ilipofika saa nne usiku nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, nimepakata mkoba wake na kiatu chake kimoja, huku mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka 15, ameniegemea begani. Baba yetu alikwisha kufariki miaka mingi kabla. Ninaandika haya kwa sababu katika wiki zilizofuata tulipewa ushauri mwingi na watu waliotupenda kweli, na sehemu kubwa ya ushauri huo ilitupotosha.

Wa kwanza ulikuja kwa simu usiku uleule. Jamaa mmoja aliniambia nisitie sahihi karatasi yoyote, kwa kuwa mimi ni mtoto, na kwamba nimtafute mtu mzima haraka kabla mama hajafanyiwa lolote. Nilitii. Nilizunguka korido ile kwa muda wa saa nzima nikipiga simu moja baada ya nyingine, nyingine hazipokelewi, nyingine zinapokelewa na watu wanaoanza kulia kabla sijamaliza kueleza, na kila dakika iliyopita niliamini kwamba mama amelazwa mahali fulani ndani, madaktari wamesimama mikono mitupu, wote wakisubiri sahihi ambayo mimi nimeshindwa kuitafuta. Muuguzi mmoja alinikuta nimechuchumaa ukutani, akaniuliza kilichonisibu. Nilipomweleza, alinishika mkono akaniambia kwamba mama alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji hata kabla sijaanza kupiga simu ya kwanza. Damu ilikuwa imevujia kati ya fuvu na ubongo na kuukandamiza ubongo, na katika hali kama hiyo, mgonjwa akiwa hawezi kusema na kuchelewa kukiwa kunahatarisha uhai wake, sheria za nchi nyingi huwaruhusu madaktari kutibu kwanza na kuulizana baadaye. Saa ile nzima ya mateso haikuwa na sababu. Kama upo kwenye benchi la namna ile, muulize muuguzi wa kwanza atakayepita: je, kuna jambo linalosubiri sahihi yetu? Swali hilo moja lingenitosha.

Alfajiri walitoka naye wakampeleka chumba cha wagonjwa mahututi, na kabla hatujaruhusiwa kumwona, muuguzi alinijia na mfuko mdogo wa plastiki wenye pete yake ya ndoa. Ilikuwa imekatwa. Vidole vilivimba, akanieleza, na pete ingeachwa pale ingezuia damu, kwa hiyo waliikata kwa kikatio chenye gurudumu dogo la meno. Niliigeuza pete ile mkononi nikaona mahali ilipokatwa pameng'aa, dhahabu mpya chini ya dhahabu iliyochakaa. Katika siku zote zile, hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hawezi kujisemea.

Mjomba, kaka yake mama, aliwasili siku ya pili, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyetambuliwa kuwa mwamuzi, kwa sababu mimi nilikuwa sijafikisha miaka 18. Sikulalamikia hilo, na hata sasa silalamiki. Mjomba ndiye aliyebeba pia suala la malipo, ambayo najua tu kwamba yalipita mshahara wa mama wa miezi mingi. Nililomlaumu ni jambo moja: alikuwa ameishi mbali nasi kwa miaka mingi, anampenda dada yake wa utotoni, lakini mwanamke aliyelala pale kitandani hakumfahamu vizuri kama sisi tuliomwona kila asubuhi. Na jambo lake la kwanza lilikuwa kuagiza kwamba mdogo wangu asiingie kwenye kikao chochote cha madaktari, kwa kuwa mambo yale ni mazito kwa mtoto.

Mimi niliruhusiwa, na niliamua kujiandaa. Nilisoma usiku na mchana. Nilikifahamu kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, ambacho humpa mgonjwa alama kwa kufungua macho, kwa kusema na kwa kujongeza viungo, chini kabisa 3 na juu kabisa 15, na nilijua kwamba alama 8 kushuka chini huhesabiwa kuwa koma. Mama alikuja na 6. Nilijua pia kuhusu shinikizo la ndani ya fuvu, lililokuwa likipimwa kwa waya mwembamba uliopenya kichwani mwake, na kwamba likizidi milimita 22 za zebaki madaktari huchukua hatua kulishusha. Niliikodolea macho skrini ile hata nikawa siuoni tena uso wa mama. Likifika 19 nilifunga pumzi. Likishuka 12 nilitaka kumkumbatia kila aliyekuwemo chumbani.

Basi kikao cha kwanza nilikiingia na kurasa nne za maswali, yote ya namba. Kwa nini jana alama zilikuwa 6 na leo zimeandikwa 5? Shinikizo la usiku lilifika 21 mara ngapi? Daktari alikuwa mvumilivu, na alinijibu kila swali. Alama zilishuka kwa sababu dawa za usingizi zilikuwa zimeongezwa makusudi ili ubongo upumzike, na mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kupimwa kama aliye macho. Na kwa kuwa mama alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, ile sehemu ya kusema haikuweza kupimwa kabisa. Kwa kawaida uvimbe wa ubongo huzidi katika siku chache za mwanzo kabla haujaanza kupungua, kwa hiyo ilikuwa mapema mno kutabiri. Niliandika yote. Muda ukaisha, watu wakasimama, na nilipofika korido nikagundua kwamba kurasa zangu zimejaa majibu ilhali hakuna hata mmoja, si daktari, si mjomba, si mimi, aliyekuwa amemtaja mama kama mtu. Daktari alikuwa ameuliza mara moja tu, mwishoni, "Mama yenu ni mtu wa namna gani?" na mjomba akajibu, "Ni mtu mzuri sana," nami nikaruka kwenye swali langu linalofuata. Swali lenye maana kuliko yote lilipita mbele yangu nami nikaliacha lipite.

Nyumbani usiku ule nilimsomea mdogo wangu kila nilichoandika, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumficha, na pia kwa sababu alikwisha kujua kwamba namficha. Tulikuwa tumemwambia kwamba mama amelala tu. Yeye alikuwa amesimama mlangoni wakati muuguzi akivuta makohozi kwenye mpira wa mama, akamwona mama akikohoa mwili mzima ukitikisika, na kwa siku mbili alibeba peke yake hofu kwamba mama anakabwa na hakuna anayejali. Nilimweleza nilichoambiwa na muuguzi, kwamba kikohozi kile kilikuwa habari njema, maana kilionyesha kuwa shina la ubongo, sehemu ya chini inayoongoza pumzi, linafanya kazi. Mtu ambaye ubongo wake umekufa hakohoi, wala havuti pumzi mwenyewe hata mashine ya kupumulia ikiondolewa kwa muda ili kumpima. Alilia sana, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Lakini mama alishasema anachotaka. Hukumbuki alipokuwa akimwogesha bibi?"

Sikukumbuka. Bibi alipooza kwa kiharusi, na mama alimuuguza hadi mwisho. Siku moja, mdogo wangu akiwa anamshikia mama beseni, mama alisema: "Mimi, maadamu nawajua watu wangu, niacheni niishi, hata mnilishe kwa kijiko. Siku nitakapokuwa siwajui tena, na hakuna matumaini ya kuwajua, msiniburute." Neno lenyewe lilikuwa hilo, msiniburute. Nilimwambia arudie mara tatu, nami nikaliandika kwenye daftari pamoja na mahali, wakati na nani alikuwepo. Kauli iliyokuwa ikihitajika na watu wazima wote wale ilikuwa imefungiwa nje ya mlango kwa sababu mwenye kuijua alikuwa na miaka 15.

Kumshawishi mjomba kulichukua siku mbili. Aliyetusaidia ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, mtu ambaye hakuna aliyetuambia kwamba yupo; tulimpata kwa sababu mdogo wangu alisoma kibandiko kwenye mlango wake. Alizungumza na mjomba kwa heshima kubwa, akamkumbusha kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto nafasi ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na kwamba kusikilizwa si sawa na kubebeshwa uamuzi. Nadhani ni maneno hayo ya mwisho yaliyomlainisha. Alikuwa akiogopa kwamba tukikosea tutaishi na hatia maisha yetu yote.

Kikao cha pili kilikuwa siku ya kumi. Shangazi yetu alikuwa amekwisha kusema kwenye simu kwamba ni sisi sasa wa kuamua mama aishi au afe, na kauli hiyo ilimfanya mdogo wangu atapike asubuhi. Tafadhali msimwambie mtoto yeyote maneno hayo. Aliyemuumiza mama ni gari. Sisi tulichoombwa ni kueleza yeye mwenyewe angechagua nini, na daktari alilisema hilo waziwazi mwanzoni mwa kikao: hakuulizi wewe unataka nini, anakuuliza mama yako angejibu nini angekuwa amekaa kwenye kiti hiki. Mdogo wangu aliisoma ile kauli kutoka kwenye daftari, sauti ikimtetemeka, na daktari akaweka kalamu chini, akamwomba arudie.

Kilichokuwa mezani ni kutobolewa tundu kooni ili mpira wa mdomoni uondolewe. Mjomba alikuwa amekataa katakata, kwa kuwa alisikia kwamba aliyetobolewa koo hasemi tena. Daktari alimweleza kwamba mpira ukikaa mdomoni kwa muda mrefu huumiza koo, humlazimisha mgonjwa apewe dawa nyingi za usingizi na hufanya iwe vigumu kumsafisha kinywa; tundu la kooni humpunguzia yote hayo, na mgonjwa akipata nguvu, mpira wa kwenye tundu huweza kuondolewa na jeraha likajifunga. Hapo nikauliza swali pekee nililokuja nalo safari hii, na nalijivunia mpaka leo: "Tukikubali, ni dalili gani itakayotuonyesha kwamba matibabu haya yanamrudisha kwetu, na dalili gani itakayotuonyesha kwamba tunamburuta, na tukae tena lini kuzitazama?" Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa dalili zinazoonekana: kufungua macho mwenyewe, kumfuata mtu kwa macho, kutii ombi jepesi kama kukaza mkono. Tutazame kwa wiki mbili. Aliuliza pia tungependa nini endapo moyo utasimama katika muda huo, akafafanua kwamba kukataa kushtuliwa moyo si kukataa matibabu mengine, na tukakubaliana kwamba kwa sasa wajaribu, na jibu hilo litafikiriwa upya kwenye kikao kinachofuata. Mjomba ndiye aliyetia sahihi. Kabla ya kutia, alimtazama mdogo wangu, naye akatikisa kichwa kukubali.

Zile wiki mbili sitazieleza sana. Tulikuwa tukiingia kwa zamu, mmoja shuleni, mmoja hospitalini, na kila aliyetoka aliandika kwenye daftari: saa, aliyesema, alichosema, tulichokiona kwa macho yetu. Lilitusaidia hasa pale madaktari wa zamu mbili walipotueleza mambo yaliyotofautiana, kwa maana nilimfungulia wa pili ukurasa, akasoma, akaenda kuulizana na mwenzake. Wauguzi walitufundisha pia kutoita kila msogeo wa kidole kuwa jibu. Siku ya kumi na moja baada ya kikao, mdogo wangu alimwomba mama akaze mkono, akakaza; akamwomba auachie, akauachia. Alirudia mara tano, kisha akamwita muuguzi ashuhudie, kisha ndipo akanipigia simu.

Mama alirudi nyumbani baada ya miezi. Anatembea kwa fimbo, huchoka haraka, na maneno mengine humponyoka katikati ya sentensi akabaki anayatafuta. Tundu la koo lilijifunga. Limebaki kovu dogo ambalo hulipapasa anapofikiri. Mwaka uliofuata aliomba daftari. Alilisoma kwa siku kadhaa, kurasa chache kila siku, na alipofika kwenye ile kauli ya beseni alichukua kalamu. Hakuifuta. Baada ya maneno "na hakuna matumaini ya kuwajua" aliongeza, kwa mwandiko wake mpya unaopinda, "baada ya kusubiri angalau miezi mitatu", akaweka tarehe na sahihi, akatuita mimi, mdogo wangu na mjomba tusome mbele yake, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.