Kabla hujaziba matundu ya mpira wa bolingi

Mpira ukikata kona mapema kisha ukafika kwenye pini umechoka, au ukateleza hadi mwisho bila kugeuka, lawama huangukia matundu. Mara nyingi matundu hayana kosa. Kinachoamua zaidi jinsi mpira unavyoshika njia ni uso wa gamba lake. Mpangilio wa matundu huamua kiini, yaani uzito uliofichwa ndani ya mpira, kitaamka lini na kwa ukali gani, ila hauwezi kuuokoa mpira ambao gamba lake limelainika kwa mafuta yanayopakwa njiani na michezo mingi.

Kwa hiyo anza na msasa. Uweke mpira kwenye mashine ya kuuzungusha, tumia sponji za msasa zenye maji, uanze na namba 500 au 1000 kisha upande hadi 2000 au 4000; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Pande zote zipate muda uleule na mgandamizo uleule, la sivyo sehemu moja itashika njia kuliko nyingine. Uso wa 1000 hushika mapema, wa 4000 huteleza zaidi, na uliong'arishwa huteleza zaidi ya hapo. Cheza michezo miwili mitatu. Tatizo likiisha, umeokoa mpira, muda na resini ya kuzibia matundu.

Jambo la pili ni mshiko. Tundu la gumba likilegea, mkono hubana ili mpira usidondoke, na gumba linalobana huchelewa kutoka. Vidole vinakosa nafasi ya kuuzungusha mpira ubavuni, nao unaondoka ukiviringika moja kwa moja. Ukiona hivyo utadhani kiini kimekufa. Ongeza utepe ndani ya tundu la gumba, kipande kimoja kimoja, mpaka gumba litoke lenyewe bila kubana. Upana kati ya gumba na vidole ukizidi kiasi, nao huleta shida ileile, na huo hauponi kwa utepe.

Umejaribu yote mawili na mpira bado ni uleule? Basi tuzungumze kuhusu kutoboa upya.

Kila kipimo kinaanzia kwenye nukta ya mhimili wako, yaani ile sehemu ya uso wa mpira ambayo mpira unazunguka kuizunguka mara tu unapoachia. Itafute kwa mpira wa plastiki, kwa sababu huo hautawanyi pete za mafuta, yaani duara ambazo mafuta ya njia huacha juu ya mpira unapoviringika. Ukirudi una pete moja iliyo wazi. Nukta ya mhimili ni ile iliyo mbali sawasawa na kila sehemu ya pete hiyo, upande wa kulia wa matundu kwa anayetumia mkono wa kulia. Ibandike kipande kidogo cha utepe mweupe, rusha tena, na mtu mwingine aangalie. Utepe ukitulia papo hapo mpira ukiwa unatoka mkononi, umeipata. Ukiyumba, usogeze kidogo na urudie. Kisha pima kutoka katikati ya mshiko: inchi ngapi kwenda kando, halafu ngapi juu au chini. Mtu anaweza kuwa na inchi 5 kando na nusu inchi juu. Anayetoboa bila namba hizi anabahatisha tu.

Sasa tazama kile kitone cha rangi kwenye gamba. Kinaonyesha kichwa cha kiini kilipo. Umbali kati ya kitone na nukta ya mhimili ndio nguzo ya mpangilio. Robo ya mzingo wa mpira ni takriban inchi 6¾, na nusu ya hiyo, inchi 3⅜, ndiyo inayotawanya pete kwa upana zaidi kwenye kiini chenye ulinganifu. Kila pete mpya ni gamba kavu linalogusa njia, kwa hiyo pete zikitawanyika mpira unashika zaidi. Ukiweka kitone inchi 1 au 2 tu kutoka kwenye mhimili, mpira huanza kuviringika mapema na kwa upole. Ukikipeleka inchi 5 au zaidi, huenda mbali kwanza na pete hupungua.

Halafu kuna pembe kati ya mstari wa kitone hadi mhimili na mstari wima unaopita kwenye mhimili. Pembe ndogo, nyuzi 20 au 30, hupandisha kitone juu ya vidole, na mpira hugeuka ghafla mwishoni mwa njia. Pembe kubwa, kama nyuzi 70, hukishusha chini ya vidole, na mpira huchora upinde mrefu ulio laini. Ikiwa mpira wako unaruka kwa kishindo pale mafuta yanapoishia na kuacha pini zilizotengana, jibu liko kwenye pembe hii kuliko kwenye umbali. Viini visivyo na ulinganifu vina alama ya pili na pembe ya pili, na hapo Mo Pinel, aliyeeneza mpangilio wa pembe mbili, alifanya kazi kubwa ya kuyaweka mambo wazi.

Zamani kulikuwa na njia ya mkato: tundu la mizani, lililochimbwa ubavuni ili kuongeza au kupunguza nguvu ya kiini. Tangu tarehe 1 Agosti 2020, sheria za USBC, shirika linalosimamia bolingi Marekani, haziliruhusu. Kila tundu lazima litumike kushika mpira kila unaporusha, kwa hiyo hata asiyetumia gumba hatakiwi kubaki na tundu la gumba. Kama mpira wako wa zamani una tundu la mizani, lizibe. Tofauti ya uzito kati ya pande, kwa mpira unaozidi ratili 10, isizidi aunsi 3.

Kuziba ndiko kunakoharibika zaidi. Toa vishikio vya raba vilivyo ndani ya matundu ya vidole na bomba lililo ndani ya tundu la gumba. Toa mafuta yaliyonyonywa na gamba, kwa maji ya moto ya bomba na kitambaa, kamwe si kwa oveni, kwani joto kali hupasua gamba. Kwaruza kuta za matundu kwa msasa mkavu na uzipanguse kwa spiriti. Resini haishiki kwenye mafuta. Elekeza tundu juu wima, zungushia utepe mdomoni kama ukingo, changanya resini na kigumishi kwa kipimo cha mtengenezaji, ukikoroga polepole. Mimina kwa mkondo mwembamba na uchokoe kwa kijiti chembamba mapovu yapande. Jaza hadi ivuke uso kidogo, maana itashuka. Vidole kwanza, gumba baadaye, kwa sababu matundu hayaelekei upande mmoja. Subiri saa 24 kabla ya kukata kilichozidi na kusaga.

Unapochora matundu mapya, epuka tundu jipya kukalia nusu resini nusu gamba la zamani. Ugumu wao haufanani, kekee hukimbilia upande laini na tundu hutoka limepinda. Ni afadhali kusogeza mpangilio robo inchi.

Ukishamaliza, rusha mara kadhaa kwenye mafuta yaleyale na kwa uso uleule wa msasa kama kabla ya kuziba, kisha pima upana kati ya pete ya kwanza na ya mwisho. Sikiliza pia. Ukisikia mlio wa tik-tik mpira unapoviringika, pete inapita juu ya ukingo wa tundu, na kulainisha ukingo hakutoshi. Kitone kimekaa mahali pasipofaa kwa mhimili wako.