"Jiko la kawaida tu, mwanangu"

Nikisema mimi seremala, watu wanafikiria vitanda, au ile milango ya Mji Mkongwe yenye misumari ya shaba ambayo wageni hujipigia picha. Mimi sichongi milango. Natengeneza makabati ya jikoni, na kinachonikosesha usingizi si mbao, ni pale pasipo na mbao: ule uwazi unaoachwa kwa ajili ya friji, jiko, oveni, mashine ya kufulia. Mbao ukiikosea unakata nyingine. Uwazi ukiukosea, mwenye nyumba anakupigia simu. Hii ni Jumatano yangu moja.

Saa 12 na robo asubuhi. Chai ya rangi, boflo, Vespa, mpaka kiwandani Fuoni. Kijana wangu keshafika na keshafagia.

Saa 1. Tunakata ubao wa makabati ya nyumba moja ya Bububu. Hapa hapana hadithi, ila nataka muone hesabu moja tu. Kabati la oveni lina upana wa milimita 600 kwa nje. Ubao wangu una unene wa milimita 18, kulia mmoja na kushoto mmoja, jumla 36. Ndani panabaki 564. Oveni za kuchomeka kabatini zinazotoka Ulaya zinataka uwazi wa kuanzia 560 hadi 568. Umeona ilivyokaa? Sasa aje mtu na ubao wa milimita 25 kwa sababu "mnene ndio imara", panabaki 550, na oveni inabaki sebuleni ndani ya boksi lake.

Kijana wangu nimempiga marufuku kusoma inchi. Mzee aliyenifundisha mimi alipima kwa inchi maisha yake yote na hakukosea, lakini yule hakuwa akichanganya. Futikamba ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na makosa mengi niliyowahi kuyaona yalianzia kwa mtu mmoja kusoma upande wa juu na mwenzake kuandika wa chini. Halafu kuna wanaosema inchi 24 na sentimita 60 ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Inchi 24 ni milimita 610 kasoro kidogo, na hizo 10 ndizo zinazokwaruza ubavu wa friji mpya mbele ya mwenyewe.

Saa 3. Mji Mkongwe, nyumba ya zamani inayofanywa ya kupangisha wageni. Vespa nimeiacha Darajani nikaingia vichochoroni kwa miguu, begi begani. Msimamizi aliniambia ukuta wa jikoni una mita 2 na sentimita 40, nisipoteze muda kupima. Nilipima. Chini 2,412. Kiunoni 2,396. Juu 2,405. Kuta hizi ni za mawe na chokaa, zimejengwa kwa mkono na zimeshapigwa lipu mara nyingi kuliko umri wangu, kwa hiyo zina matumbo. Kabati haliingii kwenye kipimo kikubwa wala cha wastani. Linaingia kwenye kidogo, na kile kinachozidi unakiziba kwa kipande cha ubao unachokiranda kufuata tumbo la ukuta. Pembe nayo niliipima: sentimita 60 ukuta huu, 80 ule, na mshazari wake ungekuwa 100 kamili kama pembe ingekuwa sawa. Ulikuja 101 na nusu. Yaani pembe imefunguka, na kabati la pembeni nikilisukuma mpaka nyuma, la pili yake litakaa upande.

Wanataka mashine ya kuoshea vyombo. Nikamwomba msimamizi kitabu chake. Haelewi nakihitajia nini, mashine si ya kawaida tu? Alhamdulillahi kitabu kilikuwepo: upana 598, miguu inapanda na kushuka, urefu kuanzia 820 hadi 870. Nikauliza tailizi za sakafuni zimeshawekwa? Bado. Hapo nikafunga daftari. Mwaka juzi niliwahi kupima sakafu isiyo na tailizi nikaacha sentimita 87 chini ya meza kwa mashine ya kufulia yenye urefu wa 85, nikajiona bingwa. Saruji na tailizi zikala sentimita 4. Mashine ile mpaka leo imekaa barazani. Nitarudi tailizi zikikauka.

Saa 5 kasorobo simu ikalia, nami bado nimo kichochoroni, nimejibana ukutani kumpisha hamali na gari lake.

"Fundi, kabati lako halifai."

Mama huyu, mtu mzima wa Kiembesamaki, nilimkabidhi jiko wiki tatu nyuma. Kila kitu kimefungwa, graniti juu, koki inatoa maji. Upo uwazi mmoja tu nilioacha, wa jiko la gesi ambalo mwanawe wa Kanada alikuwa analituma kwa kontena. Nikajua kabla sijafika.

Nikalikuta katikati ya sebule, limeng'ara, nailoni bado imelivaa, na wanaume wanne waliolishusha wamekaa kwenye ngazi wanakunywa maji. Mama kasimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni. Nikatoa salamu, akaitikia ile ya wajibu.

"Umelifanya dogo, fundi. Mwenyewe tazama. Halipiti hata nusu."

Sikujibu. Nilitoa futi nikapima jiko: milimita 762. Inchi 30 barabara. Nikapima uwazi wangu, kwa ajili yake tu kwa sababu mimi naujua: 604, yaani jiko la 600 na pumzi ya milimita 2 kila upande.

"Mama, jiko hili ni kubwa."

"Jiko la kawaida hili! Mwanangu kasema la kawaida!"

Akampigia mwanawe kwa video. Kwao bado alfajiri, kijana wa watu macho mekundu, yuko kitandani. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Fundi, hiyo ndo saizi ya kawaida, huku kila nyumba unayoingia utaikuta." Na kwa haki yake hakusema uongo. Kanada na Marekani jiko la kawaida ni inchi 30. Kwetu, ukiingia dukani utakuta ya sentimita 50, ya 60, na yale mapana ya 90. Yeye ana kawaida yake, mimi nina yangu, na mama yake yupo katikati hana jiko.

Sasa, mimi ninayo sauti ya mama kwenye simu. Alinitumia mwezi ule nilipomuuliza upana: "Jiko la kawaida tu, mwanangu, la kupikia." Wale wanne wamekaa pale wanasikiliza, jirani naye keshachungulia, na kidole changu kipo juu ya sauti ile. Nikaitafuta, nikaiona. Na chini yake nikaona jibu langu mwenyewe: "Sawa mama."

Sawa mama! Ningemwandikia mtu mwingine maneno hayo baada ya miaka 14 ya kazi hii? Ilikuwa nimuulize jina la jiko, au nimwombe mwanawe apige picha ya kibandiko, au nikatae kukata mpaka jiko lifike. Nikaiweka simu mfukoni.

Lakini maneno hayakwisha hapo. Tulikwenda mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, nikenda msikitini nikarudi, tukaendelea. Mara anataka graniti yote ing'olewe. Mara anataka jiko lirudishwe, kwa nani sijui. Mara yule jirani anashauri nikate ubavu wa kabati "kidogo tu", sentimita 16 hizo. Mmoja wa wale wachukuzi akasema jiko lingekaa tu barazani, akatazamwa mpaka akanyamaza. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya uwazi wangu na penseli, nikifanya hesabu kwenye kipande cha boksi.

Kushoto ya uwazi lipo kabati la droo, upana 300. Nikilitoa napata 904. Jiko na pumzi yake linachukua 766. Zinabaki 138. Nikitia kabati jembamba la upana huo, ukiondoa ubao wa pande mbili, ndani pana 102. Halitoshi droo. Lakini kitu chembamba kinachosimama kwa ubavu kinakaa.

"Mama, masinia unayaweka wapi?"

Akanitazama kama nimepata jua. Kisha akaonyesha juu ya friji, yamepangwa mpaka karibu na dari, na kila Ramadhani anapanda kiti kuyashusha.

Hapo ndipo sauti iliposhuka. Tukakubaliana: kazi yangu bure, ubao na fundi wa graniti juu yake. Akasema, "Basi kula kwanza." Wali, mchuzi wa changu, pilipili ya kusaga, sharubati ya ukwaju. Kwetu huwezi kugombana na mtu ukamwacha na njaa.

Nikiwa nakula nikalizungusha jiko kidogo nikasoma kibandiko cha nyuma. Volti 120. Hapa kwetu ni 230. Na limetoka kiwandani kwa ajili ya gesi ya bomba la mtaani, si ya mtungi. Mimi si fundi wa gesi, kusoma tu najua. Kifuko cha pua za gesi ya mtungi kilikuwepo, kimefungwa kwa tepu nyuma, na mtu aliyekaribia kukitupa na nailoni simtaji. Nikamwambia mama asiruhusu mtu yeyote kulichomeka wala kuliwasha mpaka apatikane fundi wa gesi azibadilishe, na transfoma kwa ajili ya saa na cheche za kuwashia. Akashusha pumzi ndefu. "Na bado lina mengine?" Friji, nikamwambia, ikija nipigie kabla hujalipa wachukuzi. Friji nayo inataka kupumua, hasa Februari: sentimita 5 nyuma na ubavuni, 10 juu, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Ukiibana ndani ya kabati kama sanduku, mota haizimiki.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Droo zilitoka, kabati likatoka na skrubu mbili zilizopinda. Fundi wa graniti alisema anakuja sasa hivi. Alifika alasiri imeshaswaliwa. Kipande cha kukata kilikuwa milimita 162, grenda na maji, vumbi la kijivu mpaka kwenye nyusi, na mimi nimeishika graniti kwa chini isije ikapasuka mwishoni pale inapokuwa na uzito upande mmoja. Mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kuandika. Haikupasuka. Nikaibandikia futi: 138.

Bububu hawakupata makabati yao siku hiyo. Kijana wangu kasema walipiga simu mara tatu.

Wakati wa kuaga, mama aliniuliza kabati la masinia litakuwa tayari lini. Nikamwomba sinia lake kubwa kuliko yote. "La kazi gani, fundi? Masinia si yanajulikana." Nikamwambia safari hii naondoka na kitu chenyewe. Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi, akanishushia lile la biriani ya harusi.

Magharibi ndiyo hiyo nimo njiani kurudi Fuoni, sinia limefungwa kwa mpira nyuma ya Vespa linapiga kelele kila shimo, na pale Mwanakwerekwe vijana wananipigia makofi, "Fundi, biriani iko wapi?"

Nimelipima chini ya taa ya kiwandani. Sinia, milimita 556. Kabati, kwenda ndani, 570.