Risala ya kumuaga mwalimu, bila mshumaa

Oktoba 5, jioni

Siku ya Walimu Duniani. Imeadhimishwa tangu 1994, kukumbuka mapendekezo ya mwaka 1966 ya UNESCO na ILO, Shirika la Kazi Duniani, kuhusu hadhi ya mwalimu. Huku Dar, mwaka unapoelekea ukingoni, shule nazo zinaaga wastaafu wao. Turubai limefungwa uwanjani, MC anajaribu spika, kabati la zawadi limefunikwa kitenge. Msoma risala anaanza: alizaliwa mwaka fulani, akapangiwa kituo fulani, akahamia Mbagala, sasa ametimiza miaka 60. Halafu lile la kila mwaka, kwamba mwalimu ni mshumaa, huungua akiwamulikia wengine. Makofi na vigelegele. Alikuwa anafundishaje? Hakuna aliyeambiwa.

Mshumaa hausahihishi madaftari.

Falsafa ya mwalimu aliyebobea haikai kwenye wasifu wake. Itafute kwenye andalio la somo, chini kabisa, penye tathmini na maoni. Wengi wetu pale tunajaza "somo limeeleweka" na kufunga daftari. Yeye ataandika kitu cha kufanyia kazi kesho: "52 – 17, watoto kumi na wanane wamepata 45." Jibu hilo halitokani na uzembe. Mtoto ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza: 7 toa 2, 5. Kisha 5 toa 1, 4. Anafuata kanuni aliyojitungia, kwamba ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, na ukimwekea kosa na kumwambia arudie, atarudia vilevile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Dawa yake ni boksi la vijiti. Vitita vitano vya kumi kumi vilivyofungwa kwa mpira, na vijiti viwili pembeni. Toa saba. Havitoshi, kwa hiyo fungua kitita kimoja: sasa vijiti ni 12, ukiondoa 7 vinabaki 5. Vitita vilivyobaki ni vinne, ondoa kimoja, vitatu. Jibu 35. Somo hili huharibika kwa njia mbili. Kitita kikiwa na vijiti tisa au kumi na kimoja, darasa zima linapotea, hivyo vihesabiwe kabla ya kengele. Na mwalimu akifungua mpira yeye mwenyewe kule mbele, watoto wameona mazingaombwe tu. Mpira aufungue mtoto. Risala nyingi humtaja Nyerere, aliyeacha kufundisha shule ya Pugu mwaka 1955 na kubaki na jina la Mwalimu. Sawa, lakini andiko lake la 1967, Elimu ya Kujitegemea, lilitaka mtoto ajengwe akili ya kudadisi, na akili hiyo huanzia kwenye mpira kama huu.

Darasa la kwanza kuna mtego wa aina hiyo. Aliyekariri ma me mi mo mu akikutana na "mtu" husoma "mutu", maana hajawahi kuiona m ikisimama peke yake. Wazoefu huwapigisha makofi kwa silabi: m-tu, mawili. Mbu-zi, mawili pia, ila hapa m imeshikamana na b. Mtu m-ba-ya: neno la pili ni makofi matatu. Sikio hukamata tofauti kabla jicho halijaiona.

Jambo jingine halionekani hata kwenye andalio: kunyamaza baada ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili na kukuta walimu husubiri kama sekunde moja tu. Walipofikisha tatu, majibu yalirefuka na wanyonge wakaanza kusema. Kwenye shule ya zamu mbili, darasa limefurika na wa mchana wanachungulia dirishani, sekunde tatu ni ndefu mno. Anayeweza kuzivumilia atajwe jukwaani.

Basi atakayepewa kuandika risala aombe maandalio ya muhula mmoja na madaftari matatu: la mtoto wa juu, la wa kati na la yule anayesuasua. Akae nyuma ya darasa kipindi kimoja, ahesabu maswali na nani kajibu. Achague jambo moja, alieleze hadi mzazi aliyekaa chini ya turubai aweze kulifanya nyumbani kwa njiti za kiberiti. Maneno 450 yanatosha, ni dakika nne hivi. Pilau halitapoa.

Boksi la vijiti lisipakiwe kwenye Kirikuu, kale kagari ka mizigo, pamoja na kabati. Wiki moja kabla ya sherehe, kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), mstaafu amkabidhi mwalimu mpya wa darasa la pili, pamoja na daftari lenye yale makosa. Mipira iwe mipya. Ya zamani hukauka na kukatika.