Kabla hujabandika amri: waifai isiyoonekana kwenye Linux mpya

Umemaliza kusakinisha Linux kwenye laptopu, eneo-kazi limefunguka vizuri, lakini alama ya waifai haipo. Ukiomba msaada utapewa amri ya kunakili na kubandika. Mimi amri za namna hiyo naziogopa. Iliyomfaa mwenye kadi nyingine ya waifai inaweza kukuwekea kiendeshi (programu inayoiendesha kadi) kisicho chako, nacho kikaanza kugombana na kile ambacho kingefanya kazi. Bora uihoji kompyuta kwanza. Inajua mengi, ila haisemi mpaka iulizwe.

Naanza na `lspci -nnk`. Tafuta mstari ulioandikwa "Network controller". Ndani ya mabano ya mraba utaona misimbo miwili iliyotenganishwa kwa nukta pacha: wa kwanza ni wa mtengenezaji, wa pili ni wa kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Ukitafuta msaada, tafuta kwa misimbo hiyo, si kwa jina la laptopu, kwa sababu laptopu za toleo moja zinaweza kutoka kiwandani na kadi tofauti. Kisha shuka chini kidogo uangalie kama kuna "Kernel driver in use". Kama mstari huo haupo, usihangaike na nenosiri wala kuzima na kuwasha ruta. Kadi bado haina wa kuiendesha. (Kama kadi yako ni ya kuchomeka, amri ni `lsusb`.)

Mstari ukiwepo na bado hakuna kitu, piga `rfkill list`. Huwa kuna vizuizi viwili. Cha programu kinaondoka kwa `rfkill unblock wifi`. Kile cha maunzi hakiondoki kwa amri yoyote: kuna swichi ubavuni mwa laptopu, au kitufe chenye picha ya mnara, ambacho mtu alikigusa bila kujua.

Linalowachanganya watu zaidi ni tofauti kati ya kiendeshi na programu dhibiti. Kiendeshi hukaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Programu dhibiti ni faili ambalo kiendeshi hulichukua kwenye `/lib/firmware` na kulipakia ndani ya kadi yenyewe, kwa sababu kadi nyingi za siku hizi zina kichakataji chake kidogo kinachohitaji maelekezo. Kwa hiyo unaweza kuwa na kiendeshi sahihi kabisa na kadi isiamke. Piga `sudo dmesg | grep -i firmware`. Kama kuna faili lililokosekana, mara nyingi utalitajiwa kwa jina. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ndiyo iliyosifika kwa hili: mafaili mengi ya aina hii si programu huria, hivyo hayakuwemo kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022 kubadili msimamo huo, na kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023 yamo. Ukiona maelekezo yaliyoandikwa kabla ya hapo, yasome ukikumbuka hilo.

Na utalipakuaje faili bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa usambazaji wa mtandao kwa USB, na Linux itaiona kama kadi ya mtandao wa waya, bila kusakinisha chochote. Si lazima simu itumie bando. Inaweza kuwa imeunganishwa na waifai ileile inayokushinda wewe. Bado nashangaa kuwa njia hii haitajwi kwanza kila mahali.

Laptopu ninayoandikia hapa ilinipa kisa kingine. Kadi yake haina kiendeshi ndani ya kerneli, kwa hiyo lazima kijengwe pembeni kama moduli, yaani kipande cha kuongezwa kwenye kerneli, na DKMS, zana inayojenga moduli za namna hiyo. Nikakisakinisha, ujenzi ukaisha bila kosa hata moja, na waifai ikabaki kimya. Nilipoipakia moduli kwa mkono kwa `modprobe`, jibu likaja: "Key was rejected by service". Hapo shida haikuwa tena kadi. Ilikuwa Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli isiyo na saini inayotambulika. Wengi huuzima tu. Mimi naona ni kuvunja mlango ilhali ufunguo upo. DKMS ilishatengeneza ufunguo wake, kwenye Debian uko `/var/lib/dkms/mok.pub`. Unausajili kwa `sudo mokutil --import` ukifuatiwa na njia ya faili hilo, unaweka nenosiri la muda, unawasha upya. Itatokea skrini ya buluu. Usiiache ipite, maana ukikawia inaendelea kuwasha kana kwamba hukuomba lolote. Chagua "Enroll MOK" (MOK ndiyo huo ufunguo wako), ingiza lile nenosiri, basi. Liwe la herufi za kawaida tu, kwa kuwa mpangilio wa kibodi uliouchagua kwenye Linux haujaanza kufanya kazi pale.

Waifai inayoshika lakini inakatika-katika ni kesi nyingine kabisa. Huwa naishuku kwanza hali ya kubana umeme: kwenye NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, `wifi.powersave = 2` inaizima, 3 inaiwasha. Namba hizi sijui zilipangwa na nani, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa wenzangu wa DKMS: kerneli mpya ikija, moduli hujengwa upya yenyewe, mradi una pakiti ya vichwa vya kerneli (mafaili yanayohitajika kujenga moduli), ambayo kwa Debian ya kompyuta nyingi ni `linux-headers-amd64`. Hata hivyo siiondoi kerneli ya zamani mpaka niwashe ile mpya na kuona waifai imeshika.