Kutoka Kisongo hadi Kisauni kwa Cessna ya mwaka 1965

Cessna 172 ya mwaka 1965 ni ndege ndogo, chombo chepesi kukielewa. Injini ni Continental O-300 ya silinda sita, nguvu farasi 145, na propela ni ya kufungwa, haigeuzi pembe. Tabu yake ni umri. Na kwetu sisi wa kisiwani liko jengine: ukishainunua bara, haifiki nyumbani, uwanja wa Kisauni, Unguja, mpaka ivuke maji kwa injini hiyo moja. Pangani hadi Ras Nungwi ni maili 26 za baharini. Kila tulichokikagua Arusha tulikikagua kwa ajili ya maili hizo.

Tulianza na viti. Kiti cha rubani kinatembea juu ya reli mbili, na pini ndiyo inayokizuia, imeingia kwenye kishimo cha reli. Miaka ikipita vishimo hulika, duara likawa yai, pini ikashika nusu. Ndege inapokimbia kuruka na kuinua pua, kiti kinachomoka na kurudi nyuma. Rubani anashikilia usukani ili asianguke, bila kutaka akauvuta, pua ikazidi kupanda, mwendo ukaisha karibu na ardhi. Watu wamekufa hivyo. Piga magoti, mulika tochi, pitisha ukucha kishimo baada ya kishimo, kisha keti ujisukume nyuma kwa miguu yote miwili. Chetu kiliruka tundu moja. Reli ya kushoto ikabadilishwa, na safari ikasogea siku mbili.

Halafu plagi. Injini hii iliundwa kwa petroli ya ndege ya okteni 80, yenye madini ya risasi kidogo. Inayouzwa siku hizi ni ile ya buluu, 100LL, na ingawa jina linadai ina risasi chache, imeizidi mbali ile ya zamani. Risasi hiyo inaganda kwenye plagi, khasa za chini, ikawa punje za kijivu kama shanga ndogo. Plagi ziko 12, mbili kila silinda. Tulizifungua zote, na nne za chini zilikuwa na shanga. Zinachokolewa kwa ncha nyembamba, taratibu, kwa sababu ukiipasua kauri plagi imekufa. Kisha zinafungwa na pete (washa) mpya za shaba. Injini ikizungushwa mara 1,700 kwa dakika na magneto mbili, zinazotoa umeme wa cheche za plagi, kujaribiwa moja moja, ya kulia mwanzo iliangusha mizunguko 150 na injini ikatetemeka. Baada ya kusafisha, kushoto 60, kulia 70, bila mtetemo.

Matangi mawili ya mbawani yanabeba lita 159, lakini za kutegemea katika kila hali ni 136. Injini inakunywa kama lita 30 kwa saa, kwa hiyo ni saa nne na nusu, na safari yetu ilihitaji chini ya saa tatu. Geji za petroli za umri huu usiziamini: panda ngazi, chovya kijiti. Kisha kamua petroli kidogo ndani ya chupa kutoka kila tangi na kwenye chujio la injini. Maji ni mazito, hukaa chini ya chupa. Hatari ni chupa iliyojaa maji matupu, maana nayo ni safi na haina mstari wa kutenganisha. Tafuta ubuluu na unuse. Tangi la kulia lilitoa maji, mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka. Tukaweka mpya na kukamua mpaka mara tatu mfululizo zikatoka buluu tupu.

Uwanja wa Arusha, pale Kisongo, uko futi 4,550 juu ya bahari. Asubuhi ya Februari, nyuzi 16, kwa wepesi wa hewa ndege inaruka kama iko zaidi ya futi 5,700; mchana wa nyuzi 28 ni kama futi 7,200, na injini imepungukiwa na zaidi ya humusi moja ya nguvu zake. Ndiyo maana tuliondoka saa moja asubuhi, watu wawili na begi moja. Aliyejifunza kuruka pwani huacha kinobu chekundu, cha mchanganyiko wa petroli na hewa, kimesukumwa ndani mpaka mwisho, na huko juu injini inapaliwa na petroli. Ipe injini nguvu zote, vuta kinobu polepole mpaka mizunguko ifike kileleni, kisha rudisha kidogo, ndipo uachie breki.

Njia yenyewe haina shida ukiwa futi 7,500. Kilimanjaro inabaki kushoto, unalifuata bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha bonde la mto Pangani, milima ya Pare na halafu Usambara ikiwa kushoto, reli na barabara chini yako. Mombo na Korogwe mkonge umepangwa kwa mistari kama mkeka. Mawingu yalianza kuota juu ya Usambara mapema, na karibu nayo ndege hurushwarushwa; tukajiweka mbali upande wa nyika.

Baada ya Korogwe tukapanda hadi futi 9,500. Hesabu ni hii: injini ikizima, 172 kwa mwendo wa karibu maili 80 za nchi kavu kwa saa inateleza maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000. Futi 9,500 ni maili 14. Nusu ya mkondo ni 13. Kwa hiyo katikati ya maji unaigusa pwani moja au nyengine, kwa tabu, kama upepo haukukupinga. Ukivuka kwa futi 3,000 kwa kupenda kutazama majahazi, sehemu kubwa ya njia huna pa kufika. Majaketi okozi tuliyavaa kabla ya Pangani, bila kuyajaza hewa: likijaa ndani ya ndege litakubana darini na mlango hutaupata.

Dakika ya sita juu ya maji, sindano ya mizunguko ilikuwa 2,400. Ikawa 2,350. Ikawa 2,300, na hakuna mkono uliogusa kitu. Hiyo ni barafu ya kabureta. Nje ni nyuzi 12 na hewa ina unyevu. Ikipita kooni mwa kabureta inapanuka, petroli inageuka mvuke, na yote mawili yanakula joto mpaka chini ya sifuri. Tukavuta kishikio cha joto, kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta, hadi mwisho. Sindano ikaanguka 2,150, injini ikakohoa, kwa kuwa barafu inayeyuka na injini inameza maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasikia kikohozi, wanarudisha kishikio, barafu inabaki. Iache ikohoe. Maji yalipita kama nusu dakika, sindano ikapanda 2,280 yenyewe. Kishikio kiliporudi ndani, 2,400. Tangu hapo tukavuta kila baada ya dakika tano, hadi Tumbatu ikaonekana na maji yakageuka kijani.

Kisauni kaskazi ilikuwa inavuma, tukapewa njia 36, ya kutua ukielekea kaskazini. Geji ya mwendo ya zamani inasoma maili za nchi kavu kwa saa, mnara unazungumza kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa: 80 yako ni 70 yao. Mbele yetu ilitua ndege kubwa. Ili kuepuka upepo wa kuzunguka unaoachwa na mbawa zake, tukabaki juu ya mstari wake na kugusa chini mbele zaidi, baada ya kupita pale ilipogusa, na kwa njia ya kilomita tatu hivi nafasi ipo.

Siku hiyohiyo ilioshwa kwa maji matamu, tumboni na kwenye bawaba. Cessna nyingi za miaka hiyo hazikupakwa rangi ndani, na chumvi hula bati kimyakimya. Tulifungua vifuniko vya chini ya mbawa, tukakuta unga mweupe kwenye ribiti tano za bawa la kushoto, tukaweka alama kwa kalamu. Oili ilimwagwa ingali moto, lita saba na nusu. Kwenye chujio la waya palikuwa na chembe za kaboni, nyeusi, za kuvunjika kwa kidole. Sumaku ilipopitishwa kutafuta chembe za chuma, haikunasa kitu.