Mgonjwa akisema ana aleji na penisilini, usiishie hapo

Manesi wenzangu, hili la aleji nalisema sana kwenye ripoti za asubuhi hapa Dodoma, leo nimeona niliandike kabisa. Mgonjwa anapokelewa wodini, tunamuuliza "una aleji na dawa yoyote?", akisema ndiyo, penisilini, tunaandika kwa peni nyekundu juu ya faili halafu tunaenda kitanda kingine. Yaani hapo ndo kazi inatakiwa ianze! Maana ile wino nyekundu itamfuata miaka na miaka, kila daktari akiiona anaruka X-Pen (penisilini ya sindano), anaruka amoksilini, nayo ni ya jamii ya penisilini, anakimbilia antibiotiki nyingine kama seftriaksoni au kitu kikali zaidi hata pale ambapo haikuhitajika, usugu wa vijidudu kwa dawa unaongezeka, bili ya ndugu inapanda, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ile dawa ilimfanya nini.

Nchi kama Marekani ambako wamelifuatilia hili, karibu mtu 1 kati ya 10 ameandikwa ana aleji ya penisilini, ila wakipimwa vizuri zaidi ya 90 kati ya kila 100 wanaitumia bila shida yoyote. Wengine hawakuwa nayo toka mwanzo, wengine walikuwa nayo ikaisha, kwa sababu hata aleji ya kweli kwa watu wengi inapotea ikifika miaka 10.

Kwa hiyo mimi nakaa, navuta stuli. Bibi ametoka Bahi, Kiswahili kinampa shida, mjukuu anatafsiri kwa Kigogo, nasema shikamoo bibi, ile dawa ilikufanyaje? Mara nyingi unasikia niliharisha, nilitapika, kichwa kiliuma. Hayo ni maudhi ya dawa, siyo aleji. Au mtoto alikuwa na homa na mafua, akapewa amoksilini ya maji, siku ya nne ya tano akatoka vipele, hapo mara nyingi ni kirusi chenyewe. Na kuna mama mjamzito mwenye kaswende, kachomwa benzathini, ambayo ni penisilini ya sindano, usiku akapata homa na kutetemeka, kesho yake anaambiwa una aleji. Jamani hiyo homa inakuja kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi, ni ya siku moja inaisha, na huyu mama ukimnyima penisilini hakuna dawa nyingine ya kutegemea kumkinga mtoto aliye tumboni. Hili linaniuma kweli.

Sasa zipo stori ambazo ukizisikia unanyanyuka hapo hapo kumwambia daktari. Ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili baada ya dawa, mabaka yaliyovimba na kuwasha mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kuanguka. Na ile nyingine inayokuja taratibu, siku kadhaa hata wiki baadaye, ngozi inafanya malengelenge na kubabuka, vidonda mdomoni, macho mekundu. Septrin inajulikana sana kwa hiyo, na SP ya malaria pia. Mtu wa namna hii dawa ile hapewi tena hata chembe, na hajaribiwi.

Uliza ilikuwa mwaka gani, alikaa muda gani toka ameze mpaka dalili zitokee, alitibiwa au iliisha yenyewe. Waaustralia walitoa kipimo cha maswali mwaka 2020 kinaitwa PEN-FAST, kinaangalia hayo hayo: ni ndani ya miaka 5, ilikuwa kali, alihitaji matibabu, alama zikiwa chini ya 3 hatari ni ndogo. Halafu swali ninalolipenda mimi, toka siku ile umeshatumia Ampiclox? Wengi watakwambia ndiyo, nilinunua duka la dawa koo likiuma, nikapona, hawajui kama ile ndani yake ni penisilini mbili. Hiyo ni habari kubwa, mpelekee daktari. Asiyejua jina la dawa mwambie ndugu alete pakiti au cheti cha zamani.

Kufuta aleji siyo kazi ya nesi peke yake, sisi tunaleta stori iliyonyooka. Na ile ya kuchoma kidogo chini ya ngozi kwa maamuzi yako uangalie kama pataumuka, acha, haikuthibitishii chochote na inaweza kumwangusha mtu. Kama daktari ameamua ajaribiwe kwa dozi ya kumeza, mgonjwa anaangaliwa saa nzima au zaidi na adrenalini, sindano ya kuokoa mtu kwenye aleji kali, iko pembeni.

Na hapo kwenye adrenalini naomba nisikike. Mgonjwa akibadilika ghafla kwa aleji tunakimbilia haidrokotizoni na Piriton, hizo haziokoi mtu anayezimika. Adrenalini ndo ya kwanza, mtu mzima miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja upande wa nje, alazwe chali miguu juu, asisimamishwe, kama anahema kwa shida mkalishe kidogo, dakika 5 hajakaa sawa unarudia. Kila zamu ifungue trei ya dharura ione kama ipo na tarehe haijapita.

Kwenye faili usiandike neno aleji tupu. Andika hivi, amoksilini ya vidonge, mwaka 2016, nusu saa baada ya kumeza, midomo ilivimba, alichomwa sindano hospitali, hajatumia tena. Reaksheni mpya ijazie fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) siku hiyo hiyo, na mgonjwa akiruhusiwa mwandikie maneno hayo hayo kwenye karatasi aende nayo, kwa sababu akiugua tena ataanzia zahanati ya kijijini kwao Chemba au Kongwa, na faili letu huko halipo.