Kutafuta migusano ya asidi amino: mfano wa himoglobini ya selimundu

Kutoa orodha ya asidi amino zinazogusana ndani ya protini, yaani zilizo karibu vya kutosha kushikana, ni kazi ya sekunde chache kwa kompyuta. Orodha ikiwa mbovu, mara nyingi imeharibika kabla hata umbali wa kwanza haujapimwa: molekuli zilizomo kwenye faili sizo, namba za asidi amino zimesogea, au aliyeanza kazi hakuamua anauliza nini. Hapa natumia protini ambayo watu wa Mwanza, Kisumu na Kampala wana sababu ya kuijua: himoglobini S (HbS), ile ya ugonjwa wa selimundu.

Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 kwamba HbS inatofautiana na himoglobini ya kawaida kwa asidi amino moja tu. Kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, glutamati imeondoka na valini imekaa mahali pake. Glutamati ina chaji hasi na inapenda maji, valini inayakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo huingia kwenye kishimo kilicho juu ya mnyororo wa beta wa molekuli ya jirani, kati ya alanini 70, fenilalanini 85 na leusini 88. Molekuli zikiendelea kushikana hivyo zinakuwa nyuzi, na nyuzi ndizo zinazopinda seli nyekundu. Muundo wa fuwele unaoonyesha haya, wenye namba 2HBS kwenye PDB, hazina ya miundo ya protini, ulitolewa 1997 kwa resolusheni (ukali wa picha) ya 2.05 Å; Å ni angstromu, sehemu ya kumi ya nanomita. Uzuri wake kwa mazoezi ni kwamba jibu linajulikana. Programu yako isipoukuta mgusano wa valini 6 na fenilalanini 85, usitafute maelezo ya kibiolojia. Tafuta kosa kwenye hatua zako.

Pakua faili la muundo wa mmCIF badala ya lile la mtindo wa zamani wa PDB. La zamani linabanwa na upana wa safu zake, haliwezi kubeba zaidi ya atomu 99,999, na mistari yake huvurugika kirahisi ukiihariri kwa mkono. Kisha hesabu minyororo. 2HBS ina tetrama mbili (tetrama ni himoglobini nzima ya minyororo minne), yaani minyororo minane: alfa nne za asidi amino 141 na beta nne za 146, jumla 1,148. Jozi zinazowezekana ni 658,378. Kwa atomu jozi ni nyingi mno, kwa hiyo usiandike vitanzi viwili vya kulinganisha kila atomu na kila atomu. Tumia NeighborSearch ya Biopython, maktaba ya Python ya biolojia, ambayo hupanga atomu kwa mti wa nafasi na kukurudishia majirani tu.

Fuwele ni kipande kimoja kinachojirudia, na faili hubeba kipande kimoja tu. Kila tetrama ya HbS ina valini 6 mbili, lakini ni moja tu inayoingia kwenye kishimo cha jirani ndani ya uzi. Kati ya valini nne za 2HBS, tegemea mbili zenye mgusano huo na mbili zisizo nao. Ukipata moja, usikimbilie kuongeza kikomo cha umbali. Jirani wa nyingine huenda yuko kwenye nakala ambayo haimo kwenye faili. Kwenye PyMOL, programu ya kutazama miundo ya molekuli, amri `symexp nakala, 2hbs, 2hbs, 5` huzalisha nakala zote zenye atomu ndani ya Å 5, kisha unapima upya.

Mtego wa upande wa pili uko kwenye 1HHO, himoglobini ya kawaida yenye oksijeni, ya 1983. Faili lake lina mnyororo mmoja wa alfa na mmoja wa beta, yaani nusu ya tetrama. Ukilinganisha migusano yake na ya 2HHB isiyo na oksijeni, ambayo ina minyororo yote minne, utaona mpaka wa alfa 1 na beta 2 (alfa ya nusu moja na beta ya nusu ya pili) umetoweka wote, na utaandika ugunduzi ambao haupo. Kwa 1HHO lazima upakue faili la tetrama kamili. Kwa 2HBS, ukichambua tetrama moja moja, unautupa ule mgusano wenyewe uliokuleta. Hakuna kanuni moja inayofaa faili zote, na ndiyo maana sipendi programu zinazofanya uchaguzi huu kimyakimya.

Namba nazo. Valini 6 ya 2HBS ni nafasi ya 7 kwenye UniProt, hazina ya mfuatano wa protini, ingizo P68871, kwa sababu UniProt huhesabu methionini ya mwanzo ambayo mwili huikata. Ripoti za vinasaba siku hizi huandika Glu7Val kwa sababu hiyohiyo. Miundo iliyotabiriwa na programu ya AlphaFold hufuata namba za UniProt, kwa hiyo ukilinganisha utabiri na fuwele, kila kitu kimesogea kwa moja. Kosa hili halionekani kwa macho, maana ramani ya migusano inabaki na sura ileile. Aidha, mmCIF yenyewe hubeba namba za aina mbili: za waandishi wa muundo na za mfumo wa hazina. Biopython hukupa za waandishi usipoiambia vinginevyo. Andika kwenye jedwali umetumia zipi.

Sasa umbali. Kwa ramani ya umbo la jumla, kipimo kilichozoeleka, na ndicho kinachotumika kwenye CASP, mashindano ya kutabiri miundo ya protini, ni Å 8 kati ya Cβ na Cβ (kaboni ya kwanza ya tawi la pembeni), na glisini ambayo haina Cβ hutumia Cα, kaboni ya kwenye mnyororo wenyewe. Kinafaa kulinganisha maumbo. Hakifai kujibu nani kamshika nani: matawi mawili yaliyogeukiana migongo yanaweza kuhesabiwa kuwa yanagusana, huku arginini ndefu iliyoshika aspartati ya mbali ikiachwa nje. Kwa swali la HbS, pima atomu nzito kwa atomu nzito, kikomo Å 4.5. Bondi ya haidrojeni: kati ya mtoaji na mpokeaji isizidi Å 3.5, na pembe uikague. Daraja la chumvi, yaani mvuto wa chaji hasi na chanya: oksijeni ya aspartati au glutamati na naitrojeni ya lisini au arginini, Å 4.

Kikomo si ukuta. Kwenye resolusheni ya karibu Å 2, mahali pa atomu penyewe pana shaka ya Å 0.2 au 0.3, hivyo Å 4.4 na Å 4.6 ni kitu kimoja. Endesha hesabu kwa 4.0, 4.5 na 5.0. Mgusano unaoonekana kwenye vikomo vyote vitatu ni wa kuaminika. Unaojitokeza kwenye 5.0 peke yake, uangalie kwenye picha kwanza.

Majirani wa mnyororo uleule watakujazia jedwali. Ndani ya heliksi, asidi amino ya kwanza na ya tano zina Cα zilizoachana kwa takriban Å 6.2, na sehemu kubwa ya himoglobini ni heliksi. Kwa migusano ya ndani ya mnyororo, ondoa jozi zilizoachana kwa nafasi nne au pungufu, au chini ya sita ukitaka umbo la mbali. Kati ya minyororo tofauti usiondoe chochote. Nimeona programu za watu zikifuta jozi za minyororo miwili kwa sababu tu namba zake zinakaribiana.

Usafishaji una mambo yake. Atomu zenye ukaaji (occupancy) wa sifuri zimewekwa kwa kukisia, zitoe. Lisini za juu ya protini mara nyingi zina thamani kubwa ya B, kipimo cha jinsi atomu inavyotikisika au isivyo na mahali pa uhakika. Migusano yake iwekee alama badala ya kuifuta. Ukitupa mistari yote ya HETATM (atomu zisizo za asidi amino za kawaida) ili kuondoa maji, unatupa pia himu, ile sehemu yenye chuma inayobeba oksijeni, na kwenye protini nyingine selenomethionini ambayo ni sehemu halali ya mnyororo. Kwenye miundo ya NMR, mbinu ya sumaku ambayo faili lake hubeba modeli kadhaa, chagua modeli ya kwanza kabla ya kupima, la sivyo programu itakuambia asidi amino ya modeli ya 1 inagusana na ya modeli ya 2. Faili hizo pia zina haidrojeni, ambazo zitapandisha idadi usipozichuja.

Kabla ya kuamini jedwali, lijaribu kwa migusano iliyokwisha kuthibitishwa. Kwenye 2HHB utafute tairosini 42 ya alfa na aspartati 99 ya beta, mnyororo A na D. Kwenye tetrama kamili ya 1HHO jozi hiyo imeachana, na nafasi yake kwenye mpaka uleule imechukuliwa na aspartati 94 ya alfa na asparajini 102 ya beta. Jedwali likikosa hata moja kati ya hizi, rudi kwenye minyororo na namba.

Wanaofanya uigaji wa mwendo wa molekuli kwenye kompyuta wana mtego wao: MDTraj, programu ya kuchambua uigaji huo, hupima kwa nanomita. Ukiandika 4.5 ukidhani ni angstromu, umeweka Å 45, na karibu kila kitu kitaonekana kimegusana muda wote. Andika 0.45.

Idadi ya migusano haikuambii nguvu yake. Kwenye 2HBS, aspartati 73 ya molekuli moja hushika threonini 4 ya nyingine kwa bondi ya haidrojeni, ilhali valini 6 haina bondi yoyote ya aina hiyo pale kwenye kishimo. Inachopata ni kujificha maji. Hilo linaonekana vizuri zaidi ukipima eneo linalofunikwa kwa programu ya FreeSASA kuliko ukihesabu jozi. Vilevile kuna nafasi inayopitwa kirahisi kwenye jedwali: threonini 87, jirani wa kishimo. Mnyororo wa gama wa himoglobini ya mtoto mchanga (HbF) una glutamini mahali hapo, na ni mojawapo ya sababu HbF huzuia nyuzi. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, Lyfgenia, hubeba beta yenye badiliko hilohilo, T87Q (threonini 87 kuwa glutamini). Unaweza kulijaribu kwenye PyMOL kwa zana ya kubadili asidi amino, kisha ukapima upya umbali hadi valini 6. Pitia mikao yote ya tawi la glutamini inayopendekezwa na programu, si ule wa kwanza tu, kwa sababu baadhi hugeukia majini na haigusi kishimo kabisa.